Elimu ya Amali Vijijini (2): Mwalimu na Kitalu cha Vitunguu

Juma lililopita tulipitia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024: elimu ya msingi ya miaka 6, elimu ya lazima ya miaka 10, na sekondari yenye mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Leo tumtazame mtu ambaye mambo yote hayo yatapita mikononi mwake, yaani mwalimu wa kijijini.

Njia hii ya kuunganisha shule na kazi za mikono tuliwahi kuipita. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe pia shamba na karakana. Mimi ni mtoto wa shule hizo. Shamba letu la mahindi lilikuwa kubwa, lakini sikumbuki hata siku moja tulipoelezwa kwa nini tulifukia mbegu mbili kila shimo, wala kwa nini mahindi ya bondeni yalistawi na ya mlimani yakawa manjano. Aliyechelewa namba alipelekwa kulima. Aliyesema kilugha, kulima. Tulihitimu tukiamini kuwa jembe ni adhabu.

Mwalimu wetu wa wakati ule simlaumu. Chuoni alifundishwa kufundisha kusoma, kuandika na hesabu. Shamba alikabidhiwa kama zamu nyingine yoyote, na hakuna aliyekaa naye kumwonyesha namna ya kuligeuza kuwa somo.

Pale Litowa, Songea, mambo yalikuwa tofauti, tena kabla ya waraka kuandikwa. Vijiji vya Ruvuma vilivyoungana katika chama cha maendeleo cha RDA (Ruvuma Development Association), ambacho Ntimbanjayo Millinga alikuwa miongoni mwa waasisi wake, vilianzisha shule yao. Walimu waliishi maisha ya kijiji na kulima pamoja na wanafunzi, na kazi ya asubuhi ilirudi darasani ikiwa hesabu na mazungumzo. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na walimu wakatawanywa. Majengo yalibaki. Waliojua kufundisha kwa namna ile wakaondoka na ujuzi wao, na naona tulipoteza kitu ambacho hadi leo hatujakirudisha.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, na azma ya kila mtoto kuingia shule ya msingi kufikia mwisho wa mwaka 1977. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini: wanaingia darasani, na kwa wakati wao mwingine wanasoma kwa posta na redio. Watu waliwadhihaki kuwa UPE, kifupi cha jina la Kiingereza la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, ni Ualimu Pasipo Elimu. Dhihaka hiyo haikuwa haki. Vijana hao walifundisha watoto wa nchi nzima kusoma. Kumfundisha mwalimu akiwa kazini lilikuwa wazo jema. Lililokosekana ni mtu wa kurudi kumtembelea, mwaka hadi mwaka.

Mwaka jana niliketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya bonde linalolima vitunguu. Mwalimu, binti aliyeajiriwa karibuni kutoka mjini, alikuwa akieleza kitalu: sia mbegu, mwagilia. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. “Mwalimu, shikamoo. Nyumbani bibi hutandaza nyasi kavu kwanza, ndiyo tunamwagilia. Maji yakipiga mbegu zinahama.”

Mwalimu hakumkatisha. Alimwita mbele, akampa chaki, akamuuliza nyasi hizo huondolewa lini. “Mbegu zikichipua. Ila jioni, jua lisiiunguze miche.” Wakatoka nje wote. Wakapima tuta la kuhamishia miche, mita 10 kwa mita 1, mstari hadi mstari sentimita 15, mche hadi mche sentimita 10, wakakokotoa: miche 660 hivi. Watoto waliokuwa wakisinzia kwenye hesabu za vitabuni waligombea futi kamba.

Baadaye nilimuuliza alijifunza wapi kufanya vile. Akaniambia ni kwenye vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambako walimu wa shule jirani hukutana, mmoja anafundisha, wenzake wanatazama, kisha wanajadili. “Zamani ningeogopa,” alisema. “Ningeona mtoto ananiumbua.”

Mwalimu asiyeogopa kujifunza kwa mtoto hatoki chuoni akiwa ameshakamilika. Hulelewa na wenzake, tena kwa muda, na malezi hayo yana gharama. Mwalimu anayesafiri kilomita kadhaa kufika kituo cha walimu anahitaji nauli, kipindi kilichotengwa katika ratiba, na mwalimu mkuu asiyekiona kikao kuwa utoro. Pesa za karakana zikitoka bila za vikao, cherehani zitakaa stoo zikishika kutu.

Mafundi wa kijiji nao wapo: seremala, mfinyanzi, mama mwenye mizinga. Waingie darasani na walipwe posho yao kama wataalamu, huku mwalimu akiwa kando yao kuunganisha kazi ya mikono na hesabu na sayansi.

Nilipokuwa nikiaga, mwalimu alikuwa akiandika barua fupi kwa yule bibi, kumwomba aje Jumanne, siku ya kuondoa nyasi kwenye kitalu cha shule.