Jaji hafukuzwi kama kibarua

Wadau, kila jaji akitajwa kwenye kashfa watu hupiga kelele, "Rais mfukuze!" Jamani, jaji siyo mkuu wa wilaya, anayeweza kusikia redioni kuwa uteuzi wake umetenguliwa. Kiti chake kinalindwa na Katiba. Tuanze na majirani zetu Kenya, maana kule tumeshaona jambo hili likitokea.

Kwa ibara ya 168 ya Katiba yao ya 2010, Rais hawezi kulianzisha mwenyewe. Anayeanzisha ni Tume ya Huduma za Mahakama, iwe kwa uamuzi wake au kwa kuletewa malalamiko ya maandishi. Na mlalamikaji anaweza kuwa mtu yeyote, hata mlinzi wa getini. Sababu zimehesabiwa: maradhi ya mwili au akili yanayomzuia kufanya kazi, kuvunja kanuni za maadili, kufilisika, kutoimudu kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Kutoa hukumu iliyoiudhi serikali haimo!

Tume ikiridhika kuna hoja, inampelekea Rais. Hapo ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuteua jopo la kumchunguza. Msichanganye: kusimamishwa siyo kufukuzwa. Anapokea nusu mshahara tu, na jopo likimsafisha anarudi kitini. Likisema aondoke, ana siku 10 za kukata rufaa Mahakama ya Juu. Asipokata, au akikata akashindwa, Rais hana ujanja tena, lazima amwondoe.

Mlinzi wa getini sikumtaja bure. Tarehe 31 Desemba 2011, Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza, akiwa hata mwaka hajamaliza kazini, alituhumiwa kumfinya pua mlinzi wa kike wa Village Market, Nairobi, aliyetaka kumkagua, kisha kumtishia kwa bastola. Januari 2012 Rais Kibaki akamsimamisha. Jopo liliongozwa na Mtanzania mwenzetu, Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani (sasa marehemu). Agosti likapendekeza aondolewe. Mama akakata rufaa, halafu Oktoba akajiuzulu mwenyewe.

Sasa kwetu. Ibara ya 110A kwa majaji wa Mahakama Kuu na 120A kwa wale wa Rufani nazo zinataka uchunguzi kwanza. Mwenyekiti wa Tume ya uchunguzi na angalau nusu ya wajumbe lazima wawe majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, na Tume ikishauri jaji asiondolewe, haondolewi. Ila anayeona kama kuna haja ya kuchunguza, na anayeteua hiyo Tume, ni Rais, yule yule aliyemteua jaji. Akinyamaza, Tume haiundwi.

Mnaonaje wadau, ufunguo huo ubaki Ikulu au tufanye kama Kenya?