Mchezo wa bridge: Lini useme "dabo" ukiwa na karata haba?

Mpinzani aliyekaa kulia kwako ametangaza "kopa moja". Wewe umeshika karata 13 zenye pointi 10 tu. Ukinyamaza, huenda mkaporwa mchezo uliokuwa wenu. Ukisema "dabo", mwenzako aliye upande wa pili wa meza analazimika kujibu, hata kama hana karata moja ya maana. Ni uamuzi wa sekunde chache, na mara nyingi lawama hufuata karata zikishawekwa mezani.

Kwa wasikilizaji wetu ambao hawajaucheza, bridge huchezwa na watu 4, wawili dhidi ya wawili, kila mtu akitazamana na mwenzake. Karata zote 52 hugawanywa. Kabla ya kucheza kunakuwa na mnada: kila mmoja kwa zamu hupanda dau au husema "pasi". Anayesema "kopa moja" anaahidi kwamba upande wake utashinda mizunguko 7 kati ya 13, kopa ikiwa turufu. "Kopa mbili" ni mizunguko 8, na kuendelea hivyo. Kila dau lazima lizidi lililotangulia, na daraja kuanzia chini ni pau, uru, kopa, shupaza, kisha bila turufu. Nguvu hupimwa kwa pointi: ree (ile yenye doa moja) ni 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Pakiti nzima ina pointi 40. Anayefungua mnada kwa kawaida ana 12 au zaidi.

Neno "dabo" hapo zamani lilikuwa na maana moja tu: hamtaweza, na mkishindwa adhabu iongezeke. Lakini ni nani mwenye haja ya kuongeza adhabu kwenye dau dogo la kopa moja, mnada ukiwa bado mchanga? Neno lilikuwa linalala bure. Mnamo 1912 na 1913 Wamarekani wawili, Charles Patton wa New York na Bryant McCampbell wa St. Louis, kila mmoja kivyake, walilipa kazi mpya. Dabo ya mapema ikawa swali kwa mwenzako: "Nina karata katika aina tatu zilizobaki. Wewe iliyo ndefu kwako ni ipi?" Hiyo ndiyo dabo tunayoizungumzia hapa, na inachezwa hivyo hadi leo.

Hatari yake ni kwamba wapinzani nao wanasikia. Wakigundua kwamba mwenzako ameburutwa kwenye dau asiloliweza, nao watasema dabo, safari hii ya adhabu. Ukishindwa kwa mzunguko mmoja unatozwa 100, miwili 300, mitatu 500. Kuna duru ambazo upande wenu huhesabiwa kuwa "hatarini" (katika mashindano hupangwa kabla ya kugawa karata), na hapo tozo ni 200, 500 na 800. Linganisha na faida waliyokuwa wakiitafuta wao: kopa mbili zikitimia huwapa 110 tu. Kulipa 500 ili kuzuia 110 ni biashara ya hasara. Kunyamaza nako kuna bei. Shupaza nne zikitimia huleta 420, au 620 kwa upande ulio hatarini, na hakuna atakayekukabidhi pointi hizo kama hukufungua mdomo.

Basi unapimaje? Wanaoanza huhesabu pointi. Sisi tunaona swali la kwanza liwe jingine: mwenzako akijibu aina yoyote kati ya zile tatu, utafurahi?

Chukua karata hizi, mpinzani akiwa ametangaza kopa moja. Shupaza: ree, 10, 8, 4. Kopa: 5 peke yake. Uru: mfalme, 9, 7, 3. Pau: malkia, jeki, 8, 2. Hizo ni pointi 10. Kwa wengi ni chache, lakini tungesema dabo bila kusita sana. Akijibu shupaza, unamkaribisha na nne. Akijibu uru, nne. Pau, nne. Na ile kopa moja ni mali: ikishatoka, kopa za wapinzani utazikata kwa turufu.

Sasa hizi. Shupaza: mfalme, 7. Kopa: malkia, jeki, 6, 3. Uru: ree, 8, 5. Pau: mfalme, 9, 4, 2. Pointi 13, tatu zaidi ya zile za kwanza, na jibu letu ni pasi. Mwenzako mwenye shupaza nne ndogo atajibu "shupaza moja" kwa moyo mweupe, kisha utamlaza karata mbili mezani. Tena kopa zako nne zina kazi nzuri ukiwa mlinzi wa mchezo wao, si katika mchezo wako. Dabo yenye pointi nyingi na umbo baya ndiyo dabo ya hatari hasa, ingawa anayeisema hujiona yuko salama.

Swali la pili ni umekaa kiti gani, na hapa hesabu ya 40 inasaidia sana. Tuseme kushoto kwako kumetangazwa kopa moja, mwenzako akasema pasi, wa kulia naye pasi. Ukisema pasi mnada umekwisha. Una pointi 8 tu. Aliyefungua tumkadirie 14. Mwenzake, aliyeshindwa hata kumjibu, tumpe 4. Zinabaki 14, na mwenye nazo si mwingine ila mwenzako. Alinyamaza kwa sababu hakuwa na dau la kufaa, pengine ameshika kopa nyingi. Hapo dabo ya pointi 8 yenye umbo zuri si wazimu.

Hali ni kinyume kabisa wapinzani wote wawili wakishatangaza aina tofauti, mmoja kushoto na mmoja kulia, nawe uko katikati. Mmoja ana 12 au zaidi, wa pili kwa kawaida 6 au zaidi. Ukiwa na 11, mwenzako hawezi kuzidi 11 na mara nyingi ana chache zaidi. Kiti hicho kimewagharimu wengi. Tungetaka umbo safi na pointi za kutosha, la sivyo pasi.

Lakini wapinzani wakisema kopa moja, kisha kopa mbili, halafu wote wakanyamaza, mambo hubadilika tena. Wameridhika na kidogo, maana yake nguvu zao zina kikomo. Kama kati yao wana kopa 8, ninyi wawili mna kopa 5 na karata 21 za aina nyingine tatu. Gawanya 21 kwa 3: lazima kuwe na aina moja ambayo mna angalau 7, na mara nyingi mna 8. Kuwaacha wacheze raha mustarehe hapo ni woga.

Kuna wanaofungua juu makusudi, "shupaza tatu", ili kuwabana. Kumjibu mwenye dabo hapo ni kuahidi mizunguko 10, isipokuwa mwenzako atoroke kwa bila turufu tatu. Tunataka pointi 15 hivi kabla ya kumtia mwenzetu kwenye shughuli hiyo.

Ukishasema dabo ya pointi 10, umemaliza maneno. Mwenzako akijibu "uru mbili" na mpinzani akapanda, usiongeze. Kupanda tena kunamwambia una 16 au 17, naye atakuamini na kukufuata hadi shimoni. Nadhani zetu ni kwamba hasara nyingi zinazosingiziwa dabo nyepesi hutokana na neno hili la pili.

Jambo moja la adabu, ambalo pia ni la sheria: sauti iwe ileile. Kupaza "dabo!" ukitaka adhabu na kuinong'ona ukitaka jibu ni kumpa mwenzako ishara, na wapinzani wana haki ya kulalamika. Wana haki pia ya kuuliza mmekubaliana nini kuhusu dabo zenu, nanyi mnawajiba wa kuwaeleza.

Kwa anayetaka kujaribu bila kutafuta watu watatu, Bridge Base Online hufunguka kwenye simu yenye intaneti na ina meza za bure ambapo viti vingine hujazwa na roboti. Ukigusa dau la roboti utaonyeshwa maana yake, ingawa kwa Kiingereza. Sema dabo ya pointi 10 humo mara ishirini, kwa umbo zuri na kwa umbo baya, kisha tazama safu ya alama.