MZIGO WA MAMA NA MIFUPA YAKE

Sisi watu wa visiwani twaijua Tabora kwa masimulizi kabla ya kuijua kwa macho. Wazee wetu waliiita Unyanyembe. Njia iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika huko na kuendelea hadi Ujiji, ndiyo iliyoleta Unguja pembe za ndovu na watumwa, na baadaye wachumaji wa karafuu wa Kinyamwezi ambao wajukuu wao leo ni Wazanzibari kama sisi. Tulipofika huko hivi karibuni kwa shughuli za Chama, wenyeji walitupeleka Kwihara kulitazama tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Lakini si tembe lile lililotushughulisha akili, bali njia yenyewe na waliopita juu yake.

Vitabu vingi humtaja mpagazi kana kwamba alikuwa mwanamume daima. Ni kweli kwamba mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani. Lakini katika misafara mingi mkewe naye alikuwamo, na chungu, mkeka na unga kichwani, na mtoto mgongoni. Wapo wanawake waliokwenda kwa hiari, na wapo waliokokotwa kwa minyororo, mzigo kichwani, mwishowe wakauzwa. Kwa hiyo hatuandiki haya kuusifu mzigo ule. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo iliteremka kutoka vichwani mwa watu, na iliteremka kwa haki.

Hata hivyo, mwanamke wa Tabora hakuacha kutembea wala kubeba. Maji, kuni, jembe na kinu vilibaki mikononi mwake. Haya nayo sasa yanapungua. Mashine za kusaga zimekwisha kuvishinda vinu, na katika miaka hii ya 2020 maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, Nzega na Igunga kwa mabomba. Hii ni neema, na mwenye kuibeza ni yule ambaye hajapata kubeba ndoo. Kichwa cha mwanamke si toroli, na mzigo mzito wa kila siku huumiza shingo na mgongo. Swali letu ni jingine: mwili uliokuwa ukifanya kazi hiyo yote sasa unafanya nini?

Mwenyeji wetu mjini Tabora anaishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka 70 na kitu. Mwaka uliopita bibi huyo aliteleza uani akifukuza kuku, akaanguka kwa ubavu, akavunjika nyonga. Ulikuwa mwanguko ambao mtoto angeinuka nao akicheka. Majirani wakanong'ona kuwa pana mkono wa mtu. Hospitali waliyompeleka ikamrudisha nyumbani akapumzike, naye akapumzika kitandani miezi minne, hata mguu mzima nao ukasahau kazi yake. Bibi mwenyewe alituambia: "Wanangu, nilichota maji miaka yote sikuvunjika. Nimeletwa mjini kupumzika, ndipo nikavunjika." Hatukuthubutu kumbishia, ingawa umri nao ulikuwa na lake la kusema.

Mfupa si jiwe. Ni kitu kilicho hai, ambacho hubomolewa na kujengwa upya siku zote, kama nyumba ya udongo inayokandikwa kila baada ya masika. Ukitwishwa kazi hujiimarisha. Ukiachwa bila kazi hujipunguza. Julius Wolff, daktari wa Kijerumani, aliliandika jambo hili mwaka 1892. Ushahidi mwingine umekuja kutoka mahali ambapo yeye hakupaota: wanaanga, ambao huko juu miguu yao haibebi kitu, hupoteza asilimia 1 au zaidi ya mfupa wa nyonga kila mwezi, ilhali wanakula vizuri na madaktari wanawaangalia mchana na usiku.

Mwanamke ana hesabu yake ya pekee. Mifupa hujiwekea akiba utotoni na ujanani. Sehemu kubwa ya akiba hiyo huwa imepatikana anapotimiza miaka 20, na afikapo 30 hivi haiongezeki tena. Hedhi ikikoma, karibu na miaka 50, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiulinda mfupa hupungua, na katika miaka 5 ya mwanzo asilimia 10 hivi ya mfupa huweza kupotea. Hapo ndipo yanapoingia maradhi ambayo madaktari huyaita osteoporosisi: mfupa hutoboka ndani kama mkate wa kumimina, bila maumivu wala dalili, mpaka siku ya kuanguka. Nyonga ikivunjika si jambo la mzaha. Hata katika nchi zenye hospitali bora, karibu mzee mmoja katika kila watano hufariki kabla ya mwaka kwisha. Sisi tuliopita chuoni tunakumbuka jinsi Nabii Zakaria alivyomlalamikia Mola wake udhaifu wa mifupa yake. Wanaume nao hawakusamehewa, ila wanawake hufikiwa mapema.

Huko Keneba, nchini Gambia, wataalamu waliwachunguza kwa miaka mingi wanawake wa kijijini ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo mno. Mifupa yao haikuwa minene kuliko ya Wazungu, na hata hivyo waliovunjika nyonga walikuwa wachache. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kazi yao ya kila siku ya miguu na mikono.

Basi anayetutia hofu ni mwanamke wa mjini wa leo: karani, muuza duka, mama anayekwenda sokoni kwa bodaboda, na huku kwetu Unguja na Pemba yule anayekaa ndani tangu alfajiri hadi magharibi. Huyu hulikosa hata jua, ambalo ndilo huupa mwili vitamini D. Wachunguzi waliopima damu za Wamasai na Wahadzabe, wakachapisha matokeo mwaka 2012, waliikuta vitamini hiyo tele. Jua letu ni lile lile. Tofauti ni dari. Hatusemi mtu avue mtandio barabarani, maana ua wa nyumba watosha. Na dagaa wa Kigoma, waliokuja kwa reli ile ile ya Tabora, huliwa na miba yao, nayo ni kalsiamu.

Kutembea ni kuzuri, lakini mfupa wataka zaidi: kuruka, kucheza ngoma, kupanda ngazi, kunyanyua kitu chenye uzito wa kiasi. Msichana anayecheza nage, kuruka kamba na mpira wa pete anaweka akiba ambayo atakapofika miaka 60 haitakuwa rahisi kuirudisha kwa dawa. Naye ndiye tunayemnyang'anya kiwanja. Katika mji mmoja tuliopita tulionyeshwa skuli ambayo kiwanja cha wasichana kimejengwa vibanda vya biashara. Cha wavulana kipo.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Tulifurahi. Lakini mfupa hautosheki kwa mwezi mara moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa wasianguke angalau siku 3 kwa wiki. Tunawaomba maofisa ardhi wavirudishe viwanja vya wasichana, na matawi ya UWT yazitoe ngoma stoo. Katika vituo vya afya, mama aliyefika miaka 50 aulizwe kama amepata kuanguka, na aliyevunjika asiachwe kulala tu.

Tulipoagana na bibi wa Tabora alikuwa ameanza kwenda kwa mkongojo kutoka kitandani hadi kwenye mwembe wa uani, mara tatu kwa siku, mjukuu akiwa ubavuni. Mwanawe alitaka kumzuia asije akaanguka tena. Tulimsihi amwache aende.