Corona ilipofunga utalii Karatu: kwa nini simu ya msaada ikiwa kimya si dalili ya amani

Machi 16, 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Aprili, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa.

Karatu inaishi kwa wageni wanaopanda Ngorongoro. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Madereva, wapishi wa hoteli na wauza shanga wakabaki bila kipato.

Tanzania haikufungia watu ndani. Lakini baba hana safari, watoto hawana shule, kodi inadaiwa na unga umeisha. Hayo hayampi mtu ruhusa ya kupiga, ila yanamweka anayepigwa karibu na mpigaji kutwa nzima.

Simu zilisemaje?

Kenya, namba 1195 ilipokea kesi 86 Februari 2020. Juni zikapita 1,100.

Italia ikawa kinyume. Mwanzoni mwa Machi 2020, simu kwa shirika la Telefono Rosa zilipungua kwa zaidi ya nusu. Sio kwamba vipigo viliisha. Ukiwa chumba kimoja na anayekupiga, utampigia nani?

Boma la Ngorongoro lina ugumu zaidi. Simu inaweza kuwa moja tu, ya mume. Mtandao mpaka upande kilimani. Shule ikifungwa, mwalimu ambaye angeona alama za fimbo naye hayupo.

Na akili je?

Mwaka huohuo WHO iliuliza nchi 130 kuhusu huduma za afya ya akili. Asilimia 93 zilisema zimevurugika. Yaani mahitaji yamepanda, mlango umefungwa.

Ufanye nini?

Kwa mtoto, piga 116. Ni bure, usiku na mchana. Si lazima apige mtoto mwenyewe: jirani, bibi au mwalimu anaweza.

Kwa mtu mzima, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Kama hulali, umekata tamaa au unawaza kujidhuru, nenda hospitali useme hivyohivyo.

Ukimaliza kupiga, futa namba kwenye simu.

Na jirani yako akinyamaza ghafla, usingoje akuite. Pita umjulie hali.