Bastola ya Kwanza Si ya Kununua

Kabla Kibera haijawa mtaa wa mabanda, palikuwa mahali pa kufundishia watu kulenga. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaruhusu askari Wanubi wa King's African Rifles (KAR), waliokuwa na asili ya Sudan, kukaa katika msitu ule wa pembezoni mwa Nairobi, na mwaka 1918 ardhi hiyo ikatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Uwanja wa shabaha wa KAR ulikuwa humo humo, na wapo wanaosimulia kwamba sehemu ya Kibera iitwayo Laini Saba ilipata jina lake kutokana na mstari wa saba wa uwanja huo. Leo uwanja umekwisha kumezwa na nyumba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 185,000 katika kaunti ndogo ya Kibra. Kijana wa huko, au wa mtaa wa Kawangware, anayetamani mchezo wa kulenga shabaha hana budi kuutafuta nje ya mtaa, na swali lake la kwanza kwa kawaida ni hili: bastola gani ya kipenyo kidogo, ya bei nafuu, inamfaa anayeanza? Kuhusu kipenyo, jibu ni jepesi. Hilo la kununua ndilo lililokaa vibaya.

Anayeanza anahitaji mtutu mwembamba, na sababu yake huanzia mwilini kabla ya kufika mfukoni. Bastola ikifyatuka hurudi nyuma na kuinuka, mlio hupiga masikio, mwako hupita mbele ya macho, na ubongo hujifunza upesi kuliogopa jambo hilo. Baada ya risasi chache za 9mm mwanafunzi huanza kukaza kiganja na kufumba macho kabla hajamaliza kuvuta kifyatulio, na risasi huenda chini ya alama. Hudhani bastola ina kasoro, hutafuta nyingine, na kasoro huhama naye. Risasi ya .22 iitwayo Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887, ina kichwa cha takriban gramu 2.6, ilhali cha 9mm huwa gramu 7 hadi 8, na nguvu inayotoka nayo mtutuni haifiki hata theluthi moja ya ile ya 9mm. Teke lake ni dogo kiasi kwamba mwanafunzi huliona kosa la mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hakuna kishindo cha kulificha. Masikio tu ndiyo yasiyosamehewa: hata .22 huvuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja, kwa hiyo vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho vinahesabiwa pamoja na bastola yenyewe.

Mwenye kudhani kwamba vipenyo hivi ni vya watoto na atazame Olimpiki. Paris 2024 ilikuwa na mashindano matano ya bastola. Matatu yalichezwa kwa bastola ya upepo yenye kipenyo cha milimita 4.5, kwa umbali wa mita 10. Mawili yaliyobaki yalichezwa kwa .22, kwa mita 25. Hakuna 9mm iliyofyatuliwa pale. Yule Mturuki Yusuf Dikeç, mwenye umri wa miaka 51, ambaye picha yake akiwa na fulana, miwani ya kawaida na mkono mfukoni ilizunguka kwenye simu za dunia nzima, alishinda medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan kwa bastola ya upepo. Manu Bhaker wa India aliondoka na shaba mbili, zote za upepo. Duara la pointi 10 katika shabaha yao lina upana wa milimita 11.5, karibu nusu ya upana wa sarafu ya shilingi moja. Mtu anayeweza kuligonga duara hilo akiwa amenyoosha mkono mmoja hana cha kumwonea aibu mwenye bastola nene.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Bastola ya kipenyo kidogo na bastola ndogo ni vitu tofauti. Kibastola cha mfukoni cha .22 au .25 kinaweza kuwa rahisi kuliko vyote dukani, na kwa shabaha kikawa kibaya kuliko vyote. Mtutu wake mfupi huzisogeza pamoja alama ya kulengea ya mbele na ile ya nyuma, hivyo kosa dogo la mkono halionekani mpaka risasi imekwisha kwenda pembeni. Kifyatulio chake mara nyingi ni kigumu, na wepesi wake huufanya mkono utetemeke. Anayeanza anafaa kushika kitu kirefu chenye uzito wa kilo moja hivi, alama za kulengea zinazoweza kurekebishwa, na kifyatulio kinachovutika bila kukwaruza. Katika .22, Ruger Mark IV na Browning Buck Mark ni za namna hiyo, na viwanjani zimezoeleka kwa wanafunzi. Katika za upepo ipo Gamo Compact, ambayo mpigaji huipandisha hewa kwa kuvuta mkono wake wa chuma mara moja kabla ya kila mpigo. Za mashindano makubwa, kama Steyr na Morini, ni za bei ya juu mno na hazimhusu mtu huyu bado. Risasi za .22 nazo zina tabia ya kugoma mara moja moja, kwa kuwa baruti ya kuwashia imepakwa kwenye ukingo wa kitako. Ikigoma, mtutu huendelea kuelekea kwenye shabaha kwa nusu dakika kabla ya kitu chochote kuguswa.

Bei ndiyo inayowapoteza wengi. Makala za Marekani hukokotoa kwamba risasi ya .22 ni chini ya nusu ya bei ya 9mm, na kopo la vidonge 500 vya bastola ya upepo halizidi sana bei ya boksi la risasi 50 za 9mm. Uwiano huo unatoa mwelekeo, lakini bei ya Marekani si bei ya Nairobi, na gharama kubwa ya bastola nchini Kenya haiandikwi dukani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inayotokana na enzi ya ukoloni, inamtaka mtu apate cheti kabla ya kununua, kupokea au kushika silaha. Mwombaji lazima airidhishe Bodi ya Leseni za Silaha kwamba ana sababu nzuri ya kuihitaji, na kwamba si mlevi wala hana maradhi ya akili. Cheti kikitoka kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja, kisha kinasasishwa kila mwaka. Mwanafunzi wa shabaha anahitaji maelfu ya mipigo ili mkono utulie. Jumlisha sanduku la chuma, mafunzo, karatasi za kila mwaka na nauli za ofisini, utaona kwamba bastola iliyoitwa nafuu ni mlango tu wa gharama. Serikali nayo inaweza kukaza wakati wowote, kama Desemba 2018, Fred Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, alipoagiza wote wenye leseni wakaguliwe upya ndani ya siku 90.

Tuseme pesa zipo na cheti kimepatikana. Bastola italala wapi? Nyumba nyingi za Kibera na Kawangware ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, ukuta wa mabati au wa udongo, na jirani anasikia unapokohoa. Kufuli la mlango huo halimzuii mtu aliyesikia kwamba ndani kuna bastola, na habari hiyo haifichiki kwenye ploti yenye choo kimoja. Mazoezi ya nyumbani hayafikiriki: kichwa cha .22, pamoja na udogo wake wote, kinaweza kusafiri takriban kilomita mbili, na bati si kizuizi. Kuna jambo zito zaidi. Mashirika ya haki za binadamu yameandika kwa miaka mingi kuhusu vijana wa mitaa ya mabanda waliouawa na polisi, huku taarifa iliyofuata ikidai walikutwa na bastola. Ndiyo maana kila kijana wa Nairobi anajua bonoko ni nini, ile bastola bandia ambayo watu wa mitaani husema huwekwa kando ya maiti. Katika mazingira hayo, kijana anayetembea na kitu chenye umbo la bastola kwenye begi, iwe ya upepo, ya plastiki au halali kabisa yenye cheti mfukoni, anajiweka mahali ambapo maelezo yake yanaweza kusikilizwa wakati umekwisha kupita. Jambo hili halipaswi kuwa hivyo, na si kosa lake. Lakini anayemshauri kununua bila kumtajia hatari hii hamtakii mema.

Kuna watakaonijibu kwamba usalama wa mitaa hii ndiyo sababu yenyewe ya kununua: bastola ingemfunza shabaha mchana na kumlinda usiku. Watataja jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambapo raia wenye leseni, miongoni mwao Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa, waliingia na bastola zao na kuwatoa watu. Ushujaa ule hauna ubishi. Ila walioingia walikuwa watu waliokwisha kuzoea silaha, na pale kulikuwa na shambulio la kigaidi lililoua watu 67. Mwizi wa usiku katika uchochoro wa Kawangware ni jambo jingine. Hatari ya kila siku mtaani ni silaha zisizojulikana zinakotoka. Utafiti wa Small Arms Survey wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba raia wa Kenya walikuwa na silaha 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa takriban 8,000. Bastola inayoibwa kitandani kwa mwanamichezo inahamia kwenye lile fungu kubwa la zisizosajiliwa. Tena, sifa zinazoifanya bastola kuwa nzuri kwa shabaha, yaani urefu, uzito na kipenyo kidogo, ndizo zinazoifanya isifae kujilinda. Anayetaka kifaa kimoja kwa kazi zote mbili atapata kibaya kwa zote mbili.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nalikubali nusu. Mchezo huu, watasema, ni wa watu wa mitaa ya kitajiri, Karen na Lavington. Kutoka Kawangware hadi Lavington ni mwendo wa miguu, lakini uwanja wa Kirigiti, Kiambu, unaotumiwa na chama cha kitaifa cha wenye silaha, uko mbali kwa nauli na kwa hali ya maisha, na mashindano ya bastola za kujilinda, IDPA, yanayofanyika huko yanachezwa zaidi kwa bastola za kubeba kiunoni, 9mm na kwenda juu. Kumwambia kijana asinunue, kisha kumwonyesha klabu ya wenye kununua, ni kumfungia mlango mara mbili. Ni kweli. Lakini dawa ya hilo ni klabu kuwa na silaha zake za kufundishia, zinazolala kwenye sanduku lake, zikisimamiwa na mkufunzi wake, na mwanafunzi akilipia muda na vidonge tu. Bastola moja ya upepo inaweza kuwafundisha watu wengi kwa mwezi, ilhali ikiwa ya mtu mmoja hulala siku nyingi kuliko inavyofanya kazi. Mita 10 zinapatikana katika ukumbi wa shule au wa kanisa, penye ukuta imara, mlango unaofungwa na kibali kilichopatikana mapema, kwa sababu bastola ya upepo nayo si ya kuagiza tu kama simu. Bodi iulizwe kwanza.

Hatua ya chini zaidi haina hata risasi. Mchezo wa pentathlon ya kisasa uliachana na vidonge, na tangu Olimpiki ya London 2012 washindani hulenga kwa mwanga wa leza, mita 10, mbele ya shabaha ya kielektroniki. Kwa shule ya Kibera kifaa cha namna hiyo kingefaa kuliko bastola yoyote, maana macho, pumzi na kidole hujifunza kazi ile ile na hakuna kinachotoka mtutuni cha kumdhuru mtu. Kaunti na wafadhili wa michezo wanaotafuta cha kufanya katika mitaa hii wangeanzia hapo. Nyumbani, mazoezi ya mkono hayahitaji silaha wala mwanga: chupa ya maji ya lita moja, mkono ukinyooshwa kwa sekunde 20 kisha kupumzishwa, kila jioni. Wapigaji wa dunia hufanya zoezi la namna hiyo, wakishikilia uzito wa bastola bila kufyatua.

Kwa hiyo anayetaka kuanza mwaka huu aziache pesa za bastola zilipo. Aende uwanjani mikono mitupu, aulize kama wana .22 au bastola ya upepo kwa wanaoanza, ni kibali gani kinachomruhusu mgeni kuishika, na ni nani atakayesimama kando yake kila anapolenga. Wakimpa 9mm siku ya kwanza ili apate msisimko, ashukuru, arudi zake, atafute klabu nyingine.