Kuchua Misuli kwa Wanamichezo: Jeraha Bichi Halichuliwi

Michezo ya watumishi wa umma ya SHIMIWI na ile ya mashirika ya umma ya SHIMMUTA huwakutanisha uwanjani watu wengi ambao sehemu kubwa ya mwaka huitumia wakiwa wameketi ofisini. Anayevuta kamba, anayekimbia mita 100 au anayeruka kudaka mpira wa pete huitaka misuli yake ifanye, kwa dakika chache, kazi isiyoizoea. Misuli hukaza, huuma na wakati mwingine huchanika, na mara nyingi msaada wa kwanza unaofika ni mwenzake mwenye dawa ya kuchulia mkononi. Kuchua ni tiba yenye manufaa, lakini ikifanywa wakati usiofaa huongeza madhara.

Uchuaji wa wanamichezo hutumia mbinu kuu tatu. Ya kwanza ni kupitisha viganja juu ya ngozi kwa kuteleza, kuelekea upande wa moyo. Ya pili ni kuukanda msuli kwa kuuminya na kuuachia, na ya tatu ni kusugua kwa ncha za vidole mahali palipokaza. Kabla ya mchezo uchuaji huwa mfupi na wa haraka ili kuuamsha mwili. Baada ya mchezo huwa wa polepole ili kuutuliza.

Wengi huamini kwamba kuchua huondoa asidi inayobaki kwenye misuli baada ya mazoezi. Ukweli ni kwamba mwili wenyewe huiondoa asidi hiyo ndani ya muda wa saa moja hivi. Maumivu yanayozidi kati ya saa 24 na 72 baada ya mchezo hutokana na michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za misuli. Uchuaji huweza kupunguza maumivu hayo kwa kiasi, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya mapumziko, maji, chakula na usingizi.

Kunyoosha misuli nako kuna wakati wake. Kabla ya mchezo inafaa kupasha mwili moto kwa kukimbia polepole, kisha kunyoosha kwa mwendo, kama kurusha miguu mbele na nyuma au kuzungusha mikono. Kuushikilia msuli mmoja ukiwa umevutwa kwa zaidi ya sekunde 60 muda mfupi kabla ya kushindana huweza kupunguza nguvu zake. Kunyoosha kwa kutulia kunafaa zaidi baada ya mchezo, kwa sekunde 15 hadi 30, mara mbili hadi nne kwa kila msuli, bila kudundadunda na bila kufikia maumivu makali.

Ipo pia mbinu ya kukaza na kulegeza, iliyotokana na tiba ya wagonjwa wenye udhaifu wa misuli nchini Marekani katika miaka ya 1940. Mchezaji hulala chali, mwenzake akauinua mguu mmoja ulionyooka. Mchezaji huusukuma mguu huo chini dhidi ya mkono wa mwenzake kwa takribani sekunde 6, hulegeza, kisha mguu huinuliwa taratibu kidogo zaidi. Shavu la mguu likikaza ghafla uwanjani, goti hunyooshwa na vidole vya mguu huvutwa kuelekea mwilini hadi mkazo uachie.

Hali ni tofauti pale msuli unapochanika au kiungo kinapoteguka. Ndani yake damu huwa inavuja, na kuchua, kupaka dawa ya moto au kunyoosha kwa nguvu huzidisha uvujaji na uvimbe. Paja lililogongwa sana likichuliwa mapema laweza hata kuota mfupa ndani ya msuli. Katika saa 48 hadi 72 za mwanzo, mchezaji hupumzika, huwekewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20, hufungwa bandeji isiyobana kupita kiasi, na huinua kiungo kilichoumia.

Hatari kubwa zaidi ni damu iliyoganda ndani ya mshipa wa mguu, ambayo huweza kumpata mtu baada ya safari ndefu ya basi au baada ya upasuaji. Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba, kupata joto na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu. Mguu huo usichuliwe kabisa, kwa kuwa bonge la damu laweza kung'oka, likafika kwenye mapafu na kusababisha kifo. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, hasa akibanwa na pumzi au kuumwa kifua.

Kadhalika, mchezaji aliyesikia mlio wakati wa kuumia, asiyeweza kukanyaga, au ambaye maumivu yake hayapungui baada ya siku chache, anapaswa kuonwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya mtu yeyote kumchua.