Kisanduku Namba 13 Ndani ya Ndoa Yetu

Tukitaja mambo yanayoleta ukimya ndani ya nyumba, kila mtu anakimbilia yale yale: nyumba ndogo, pesa, mawifi, simu inayopokelewa chooni. Yapo, sikatai. Lakini kama mwenzi wako aliwahi kuvaa gwanda, hasa gwanda la huku Marekani tunakoishi sisi, kuna karatasi moja inayoweza kuwanunisha mwezi mzima bila mwanamke wa nje wala deni la benki. Inaitwa DD 214.

Mpenzi msomaji, hicho ndicho cheti cha kutoka jeshini. Ukurasa mmoja tu, umejaa visanduku vyenye namba. Ukiomba mkopo wa nyumba wa wanajeshi wa zamani, ukitafuta kazi serikalini, ukienda kutibiwa kwenye hospitali zao, hata siku ya kuzikwa kwa heshima za kijeshi, wanaanza kuuliza hiyo. Kisanduku namba 13 ndicho kinachoorodhesha nishani, beji na tepe zote. Kisichoandikwa humo, machoni pa karani hakikutokea.

Mume wangu alikuja Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Mwaka 2013 aliingia jeshi la nchi kavu kupitia mpango ulioitwa MAVNI, uliokuwa ukichukua wageni wenye ujuzi uliohitajika, wakiwemo madaktari na wazungumzaji wa lugha fulani. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Ndiyo, lugha yetu hii ya kutaniana vijiweni iliwapa vijana wa Kiafrika njia ya kupata uraia, mpaka mpango ulipoacha kupokea watu mwaka 2016. Yeye wakampa kazi ya kuendesha malori. Mwaka 2014 akapelekwa Afghanistan kwa miezi tisa, akatoka jeshini mwaka 2017. Tulipofunga ndoa nilijua hayo, na nilijua pia kwamba fataki zikilia Julai 4 anahamia chumba cha ndani na kuwasha feni hata kama kuna baridi. Zaidi ya hapo hatukuwa tukizungumza.

Kisha akaomba kazi serikalini. Kwa sheria yao, mwanajeshi wa zamani hupewa upendeleo wa pointi 5, na mwenye Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, hupewa 10. Ila kuna kipengele watu wengi hawakijui. Aliyeingia jeshini baada ya Agosti 31, 2010, kuitumikia nchi peke yake hakumpi zile 5. Anatakiwa awe na nishani ya kampeni, yaani ya kushiriki vita fulani. Mume wangu alijibiwa kwamba karatasi yake haionyeshi nishani hiyo. Kazi akaikosa.

Usiku ule niliichukua ile DD 214 nikaisoma neno kwa neno, kama mkataba wa nyumba. Kisanduku cha 18, cha maelezo ya ziada, kinasema alikuwa Afghanistan, na tarehe zipo. Kisanduku cha 13 hakina nishani ya Afghanistan. Karatasi moja inabishana yenyewe! Nishani ile ilianzishwa mwaka 2004, na siku 30 mfululizo zilitosha kuipata. Yeye alikaa miezi tisa.

Nilipomwonyesha, alinitazama kama nimefungua sanduku la marehemu. "Mama, hiyo ni karatasi tu. Achana nayo."

Nikauliza kama kuna kingine kimekosekana. Akanyamaza. Baada ya siku kama tatu hivi, tukiwa garini, bila mimi kuuliza, akasema kulikuwa na nishani ya pongezi aliyovikwa na kamanda wake, na kuna beji moja aliambiwa ataipewa, haikuja.

Inakuwaje vitu kama hivi vinapotea? Si uchawi. Cheti hutayarishwa kutokana na kilichomo kwenye jalada siku unapoondoka. Kama amri ya maandishi ya nishani haikuingizwa jaladani, au ilisainiwa kikosi kikiwa kinafungasha kurudi, karani haioni. Wewe nawe unapewa rasimu uikague na kusaini, na hapo akili yako iko kwenye geti la kutokea. Ofisi iliyomhudumia mume wangu, sitaitaja, ilikuwa na foleni ya vijana wenye mabegi mgongoni. Alisaini kwa dakika mbili.

Tena usije ukachukua kalamu ukajiongezea. Cheti kilichochezewa ni batili. Na kudanganya kuhusu nishani fulani ili upate pesa au faida nyingine ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2013. Ile ya kabla yake, ya 2005, ilitupwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 2012, kwa hoja kwamba uongo mtupu nao unalindwa na uhuru wa kusema. Wamarekani bwana!

Sahihi ni yake

Hapa ndipo ndoa ilipoanza kujaribiwa. Mke unaweza kujaza fomu zote, ukanunua bahasha na stempu, lakini mwenye jalada akiwa hai na akili timamu, lazima asaini mwenyewe. Mjane anaweza kuomba, ili mradi hajaolewa tena. Mimi sikuwa mjane. Nilikuwa na mume mzima aliyekaa sebuleni anaangalia mpira na hataki kushika kalamu.

Nilikasirika, nisifiche. Niliona anatunyima haki yetu, mimi na watoto. Yeye aliona namlazimisha kwenda kuomba sifa. "Walioomba nishani ni wale ambao hawakuwa pale," alinijibu siku moja kwa ukali ambao sijauzoea. Tulilala mzungu wa nne.

Kilichomlainisha hakikuwa maneno yangu. Ilikuwa habari ya Henry Johnson, niliyomsomea asubuhi moja tukinywa chai. Huyu alikuwa askari mweusi kutoka New York, kikosi cha 369. Mei 1918, huko Ufaransa, alipambana usiku na Wajerumani mpaka akaishia kushika kisu, akamwokoa mwenzake asichukuliwe mateka. Alitoka na majeraha 21. Wafaransa wakampa nishani yao kubwa, Croix de Guerre. Kwao Marekani, karatasi zake za kutoka jeshini hazikutaja majeraha yale, na alifariki mwaka 1929 akiwa fukara. Purple Heart aliipewa mwaka 1996. Medal of Honor, kubwa kuliko zote, Rais Obama aliitoa mwaka 2015. Miaka 97 baada ya usiku ule!

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Leta hizo fomu," akasema.

Njia tatu, na si zote zina mteremko

Ya kwanza ndiyo nyepesi. Kama ushahidi umo tayari kwenye jalada, au unayo amri ya maandishi mkononi, unaomba marekebisho ya kawaida. Hawakupi cheti kipya. Wanatoa karatasi ya nyongeza iitwayo DD 215, inayokaa na ile ya kwanza daima. Waliotoka miaka ya karibuni katika jeshi la nchi kavu hushughulikiwa na ofisi ya utumishi wa jeshi iliyopo Fort Knox, Kentucky. Wazee wao huandikia kituo cha kumbukumbu cha taifa kilichopo St. Louis, Missouri, na fomu ya kuombea jalada inaitwa SF 180. Kama baba mkwe wako alipigana Korea, andaa moyo: Julai 12, 1973 kituo hicho kiliungua na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Kwa waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960, kama asilimia 80 ya majalada yalikwenda na moto. Hapo ndipo barua za zamani, picha na stakabadhi za mshahara zinapogeuka dhahabu.

Sisi nishani ya Afghanistan ilikuwa wazi, kisanduku cha 18 kilitosha. Kwa ile ya pongezi tulipekua nyumba nzima. Amri yake tuliikuta kwenye faili la plastiki, katikati ya vyeti vya chanjo na risiti ya televisheni. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Beji ndiyo kimeo. Inaitwa Combat Action Badge. Beji ya mapigano ya zamani ilikuwa ya askari wa miguu, na hii ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya wengine wote: madereva, makarani, wapishi waliojikuta wanashambuliwa na adui. Lakini haiji yenyewe kwa sababu ulikuwa vitani. Lazima ithibitishwe kwamba siku fulani, mahali fulani, wewe binafsi ulishambulia au ulishambuliwa. Yeye alipendekezwa, karatasi hazikufika kokote.

Kwa hiyo ikawa njia ya pili: fomu DD 149, kwenda bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi. Bodi zinagawanywa kwa matawi, na wanamaji na Marine wanatumia moja. Ni bure. Sheria inatoa miaka 3 tangu ugundue kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe kuchelewa pale haki inapodai hivyo. Jambo la kukumbuka ni kwamba bodi huanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu za jeshi ziko sahihi. Haiendi kukutafutia mashahidi. Mzigo ni wako.

Njia ya tatu, ya nishani ambazo hazikuwahi kupendekezwa na muda wake umepita, inapitia kwa mbunge wako wa Kongresi. Hatukuihitaji.

Ukiona mtu anakudai dola mia kadhaa ili akujazie DD 149, kimbia. Vyama vya wanajeshi wa zamani vinasaidia bure, na kaunti nyingi zina ofisa wa kazi hiyo hiyo. Wetu alikuwa mama mmoja mzee, mkali kama mwalimu wa hesabu, aliyetufundisha kwamba shahidi asiandike "alikuwa askari shujaa." Aandike tarehe, barabara, gari la ngapi kwenye msafara, alisimama wapi, aliona nini.

Mashahidi walikuwa wawili. Hakuwa amezungumza nao miaka mitano. Simu ya kwanza alipiga akiwa uani, amenipa mgongo, nikamwona anacheka, kisha anakaa chini kwenye nyasi. Ilichukua saa mbili.

Barua ya sajenti wake ilipofika, alinipa mimi niisome kwanza. Kwa lugha kavu kabisa, ya tarehe na umbali, nikasoma kwamba lori la mbele yao lilikanyaga bomu la kutegwa, risasi zikaanza kutoka upande wa kushoto, na mume wangu akashuka kwenye lake akamtoa dereva mwenzake. Dereva yule hakufika hospitali. Jina lake ndilo jina la pili la mtoto wetu wa kwanza. Mimi nilidhani ni la mjomba wake.

Sikujua la kusema, nikamwekea chakula. Alikula, na usiku huo akaongea mpaka karibu alfajiri. Mwezi uliofuata alikwenda mwenyewe kuonana na mshauri wa wanajeshi wa zamani, jambo nililolipigia kelele tangu tuoane.

DD 215 ilikuja baada ya miezi kadhaa, ina mistari miwili tu: nishani ya Afghanistan na ile ya pongezi. Safari hii zile pointi 5 zimo kwenye maombi yake ya kazi. Kuhusu beji, tuna barua yenye namba ya jalada. Sheria inazitaka bodi zimalize maombi mengi ndani ya miezi 10, na lolote lisivuke miezi 18. Sisi tuko mwezi wa saba. Siku hizi posta akipita, yeye ndiye anayetangulia kufungua sanduku la barua.